Afya Isiyokaa Jikoni Haiwezi Kukaa Mezani

Ndugu zangu mliofungua migahawa ya afya, nyie wa Mikocheni na Masaki, wa Nyali na Kilimani, wa Arusha mjini na Mji Mkongwe wa Unguja, nina neno nanyi. Mmefanya jambo jema. Mmewarudishia watu dona, wao waliokuwa wamezoea sembe iliyokobolewa mpaka ikabaki wanga mtupu. Mmekipa heshima kisamvu, mlenda na mchicha, vyakula ambavyo watoto wa mjini walikuwa wameanza kuvionea haya. Mmepunguza mafuta, mmepunguza chumvi, mmeacha kutia sukari kwenye juisi ya embe. Kwa hayo Mungu awalipe.

Lakini chakula ni sehemu tu ya kile mteja anachokiingiza mwilini akiwa kwenu. Anakula nusu saa, anavuta pumzi tangu anapoingia hadi anapotoka. Anaegemea ukuta wenu, anashika meza yenu, kisha mkono uleule unakwenda kinywani, maana ugali hauliwi kwa uma. Aliyeandika neno "afya" mlangoni ameahidi kuwajibika kwa hayo yote. Nasema bila kulainisha: nyumba inayougua haiponyi mtu, hata ikimpa mchicha bakuli zima.

Tazameni kuta zenu. Mgahawa mpya hunukia rangi, na wapo wanaoipenda harufu ile, wanaiita harufu ya upya. Ile ni kemikali zinazopeperuka kutoka kwenye rangi ya mafuta, vanishi na gundi, na pua inayoinusa imeshaipeleka kwenye mapafu. Kaunta nzuri mliyomlipa fundi mara nyingi ni MDF au chipbodi, yaani vumbi na chembe za mbao zilizoshikizwa kwa gundi, na gundi hiyo kwa kawaida ina fomaldehaidi. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hutoka kwa wingi ubao ukiwa mpya, na huzidi kutoka penye joto na unyevu. Na wapi pana joto na unyevu kuliko Mombasa mwezi wa Machi? Halafu mnafunga madirisha, mnawasha kiyoyozi, mnamletea mteja maji ya ndimu ili "asafishe mwili".

Madini ya risasi nayo yamo kwenye rangi. Rangi za mafuta zinazowaka, njano, nyekundu, kijani kibichi, ndizo zilizozoeleka kubeba risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Basi mnunuzi wa rangi asome kopo, adai kuandikiwa kwamba haina risasi, na asipoandikiwa aliache dukani. Mkichukua nyumba ya zamani, msimruhusu fundi aikwangue rangi kavu kwa msasa huku vumbi linatua sakafuni. Ailoweshe kwanza, aikusanye, afagie kwa maji.

Mtasema: tumeweka maua, yanasafisha hewa. Wapendwa, maua ni mazuri, yawekeni kwa ajili ya macho na moyo. Ile habari ya mimea kusafisha hewa ya chumba ilienea kutokana na jaribio la NASA la mwaka 1989, lililofanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya namna hiyo ya miaka mingi wakaona kwamba katika chumba halisi dirisha lililo wazi linasafisha hewa kuliko vyungu vya maua ambavyo mtu angeweza kuvijaza humo. Na kama maua yenyewe ni ya plastiki, nayo yamezungukwa na ukuta wa nyasi bandia ulioandikwa neno la kiafya kwa taa za rangi, basi hapo hakuna hata la kujadili. Nyasi zile ni plastiki. Zinashika vumbi, zinachakaa, zinamwaga chembe zake mle mnamopakulia chakula. Zing'oeni.

Na msiniambie hatuna pa kujifunzia. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001, na watalii wanavuka bahari kuja kushangaa kuta ambazo sisi tunazifunika kwa jipsamu. Ingieni nyumba ya kale ya Lamu saa nane mchana. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, zinachelewa kupata joto mchana kutwa. Zidaka zimechongwa ukutani, hivyo nyumba haikuhitaji makabati. Kiwanda cha ndani, yaani ua, kiko wazi juu, hewa ya moto inapanda na kutoka, hewa baridi inaingia kutoka kwenye kivuli cha uchochoro. Daka na baraza viko mlangoni, mgeni anapumzika kabla ya kuingia. Upana wa chumba umefuata urefu wa boriti ya mkoko, usiofika mita tatu, kwa sababu mjenzi alikata shauri kulingana na mti aliopewa na mwambao wake. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini karne nyingi hadi Oman na Ghuba, nako zikapima upana wa vyumba vya watu wasiowahi kuuona mkoko.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa wengi wanaopenda mambo ya asili wanakosea. Sisemi mkaige nyumba ya Lamu kama ilivyo. Mikoko imekatwa hadi Kenya ikapiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982, na mikoko ndiyo malezi ya samaki na ngao ya pwani. Mawe laini ya kuchongea yalikatwa baharini, kwenye matumbawe hai. Chokaa ya zamani ilichomwa kwa magogo mengi. Mtu anayejenga mgahawa "wa asili" kwa boriti mbichi za mkoko zilizokatwa kwa wizi usiku amefanya dhambi mbili: ameumiza bahari, kisha ametia uongo kwenye menyu. Chukueni akili ya wale wajenzi, muwaachie mikoko yao isimame.

Badala ya mkoko, mvinje upo. Pwani ya Kenya wakulima wanaupanda mashambani, unakua upesi, unanyooka, na siku hizi mapaa mengi ya makuti yamesimama juu ya nguzo zake. Ndio mti ambao René Haller aliuotesha kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi kuanzia mwaka 1971, pale ambapo ardhi ilikuwa jiwe tupu na maji ya chumvi, na leo ni msitu. Mnazi upo. Mnazi mkongwe uliokwisha kuzaa hukatwa hata hivyo ili kupisha mche mpya, na sehemu ya nje ya shina lake ni mbao ngumu yenye madoadoa meusi ya kupendeza, inayotosha meza, kaunta na sakafu. Mwembe uliochoka nao unatoa mbao. Kabla hamjaagiza mninga au mvule uliosafirishwa kutoka msitu usiojulikana, mwulizeni seremala wa mtaani kwenu ana mbao gani za shambani. Mkiagiza mninga, daini hati ya mzigo.

Kwa kuta za kugawa vyumba na mabaraza ya kukalia, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, pale Mwenge jijini Dar es Salaam, kwa miaka mingi ulifundisha matofali ya kufungamana. Ni udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini, hayachomwi kwa kuni. Juu yake pakeni chokaa. Chokaa inapumua, ukungu hauipendi, na ikichafuka unaipaka tena kwa gharama ndogo. Baraza la namna hiyo, likitandikwa mkeka wa ukindu, litawapa wateja mahali pa kukaa miaka ishirini, wakati makochi ya sponji na ngozi bandia yataanza kuchunika msimu wa pili.

Na mkonge, jamani! Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, ukashika mashamba ya Tanga, hadi mwaka 1964 nchi ikatoa tani 230,000 hivi. Kisha ikaja kamba ya nailoni, na plastiki ikaua mashamba yale. Leo tunatandika mazulia ya plastiki ndani ya nchi ya mkonge. Zulia la mkonge linapunguza kelele za viti na vyombo, jambo ambalo vigae vitupu haviwezi, na siku likichoka linaoza likarudi ardhini. Vivuli vya taa vya ukili vinasukwa Unguja na Pemba na akina mama ambao mikono yao inaijua kazi hiyo tangu utoto. Pale Kitengela, Kenya, na pale Zanzibar kwenye karakana ya Chako, chupa zilizotupwa zinageuzwa bilauri na taa. Lamu wamejenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa ufukweni, Flipflopi, likavalishwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, na sasa kazi hiyo imezaa pia samani. Plastiki ambayo tayari ipo ikawa kiti, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuleta mpya.

Maana sheria zimeshatutangulia. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mwenye mgahawa wa afya anayesubiri askari ndipo aache mirija na vikombe vya kutupa, huyo amechelewa mno kwa jina alilojipa.

Kuhusu hewa sitasema mengi, kwa sababu pepo zenyewe zinasema. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili. Mabaharia wetu walivuka bahari kwa pepo hizo, nasi tunashindwa kupoza chumba kwa hizo hizo? Dirisha moja halitoshi. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, na pa kutokea pawe juu. Ongezeni kivuli nje ya dirisha, jua lisiguse kioo, na feni ya dari. Mahali kiyoyozi kinapohitajika kweli, chagueni chenye gesi isiyo kali: kilo moja ya gesi ya R-410A iliyomo katika mashine nyingi, ikivuja, hupasha dunia joto kama zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Ni hapa hapa kwetu, Kigali, Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na hesabu zao zinaonyesha kwamba makubaliano hayo yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto karne hii. Afrika Mashariki imeuweka mji wake kwenye jina la mkataba huo. Tuuheshimu.

Yote niliyosema hadi sasa yanahusu chumba cha mbele. Sasa twendeni nyuma.

Nyuma kuna mlango ambao mteja hapiti. Nyuma ya mlango huo, katika migahawa mingi yenye kuta nzuri na menyu nzuri, kuna chumba kidogo cha bati, dirisha moja dogo la nondo, majiko matatu ya mkaa yanafuka, na mama mmoja amesimama tangu saa kumi na moja alfajiri. Macho mekundu. Kikohozi chake wenzake wamekizoea. Kunde za mteja zimechemka saa tatu kwa pumzi za mama yule. Tunamtolea mezani chakula cha kulinda moyo, naye tunamchoma mapafu. Mnaweza kuiita hiyo afya? Afya ya nani?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Jiko la mgahawa linapika mara nyingi zaidi kuliko jiko la nyumbani, wala moshi wake haujui kwamba huyu ni mfanyakazi. Mkaa hata usipoonekana kufuka unatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayomlegeza mtu asijue kilichompata. Tena mkaa huo ni msitu. Serikali ya Tanzania imekuwa ikitaja hekta 469,000 hivi za misitu zinazopotea kila mwaka, na mkaa ni mojawapo ya sababu kubwa. Umeweka meza ya mnazi mkongwe kwa kuonea miti huruma, halafu unachoma miombo gunia kwa gunia nyuma ya ukuta!

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Wapishi wenu wasingoje 2034. Makande, maharage na kunde, vyakula vinavyokula mkaa kuliko vyote, ndivyo vinavyofaa zaidi jiko la presha la umeme: vikilowekwa usiku, vinaiva ndani ya saa moja, na mpishi hasimami juu ya moto. Gesi ishike mapishi ya haraka. Maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na ukoko wa ugali viende kwenye mtambo wa bayogesi kama mna nafasi, au kwenye mboji kama hamna. Jiko lipewe madirisha pande mbili, bomba la kuvutia moshi lipande hadi juu ya paa, sakafu isiteleze, na kuwe na kiti cha mpishi. Ndiyo, kiti. Mbona wateja tumewawekea viti sitini?

Na ukuta kati ya jiko na ukumbi uwe na dirisha kubwa la kioo. Hakuna pambo linalozidi hilo. Mahali mteja anapomwona mpishi, mpishi hapikiwi mateso, na chakula hakifichi kitu.

Najua mtakachojibu: gharama. Naiheshimu hoja hiyo, kodi za fremu mjini zinaumiza, wala mwenye nyumba hapunguzi hata shilingi kwa sababu umepaka chokaa. Lakini angalieni fedha zimekwenda wapi. Nyasi bandia zilinunuliwa. Taa za maandishi zilinunuliwa. Jipsamu ya ngazi tatu yenye taa za bluu ilinunuliwa. Fedha zilikuwepo, zikapangwa kwa kufuata macho ya anayepiga picha. Zipangeni upya: kwanza jiko na pumzi za mpishi, pili hewa na mwanga, tatu kuta na rangi, nne viti na meza. Pambo lipate kinachobaki, kama kitabaki. Kufungua dirisha ni bure. Kung'oa nyasi za plastiki ni bure. Kuiacha rangi ikauke wiki mbili madirisha yakiwa wazi kabla ya kualika wageni kunahitaji subira tu.

Mwili ni amana, na nchi hii ni amana. Mwislamu anaujua ukweli huo, Mkristo anaujua, na bibi zetu waliufundisha kabla ya kuingia darasa lolote. Mwenye mgahawa amekabidhiwa vyote viwili kwa wakati mmoja, tena kwa malipo.

Nanyi wateja msijifiche nyuma ya kidole mkiwanyooshea kidole wenye migahawa peke yao. Mmiliki anajenga kile mnachokilipia. Siku mtakayoingia mgahawa unaojiita wa afya, kabla ya kuagiza, salimieni, kisha mwombe kwa heshima kuona jiko. Ulizeni wanapikia nini. Ulizeni rangi ya ukutani ni ya kampuni gani na kama haina risasi. Mwulizeni mpishi hali yake, mumwite mama au kaka kama inavyostahili, msubiri jibu lake. Mwenye nyumba safi atawafungulia mlango kwa furaha, naye apate fedha zenu na za jamaa zenu. Akiwazuia, ondokeni, mkale kwa mamantilie anayepikia gesi hadharani chini ya mwembe.